Kozi ya wasiojua kusoma, halafu siku ya kwanza mnawapa fomu wajaze? Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Mama yangu mdogo alipata nafasi kwenye kozi ya lugha huku ughaibuni. Tangazo lilisema wazi kuwa ni ya wahamiaji wasiojua kusoma na kuandika. Mama mdogo hakukanyaga shule hata siku moja. Anaongea lugha tatu, na hesabu za biashara anazipiga kichwani kabla mimi sijatoa simu mfukoni, ila herufi kwake ni michoro tu. Tumefika mapokezi, akapewa karatasi mbili na kalamu. Swali la kwanza baada ya jina: "Unaweza kusoma kwa kiwango gani? Weka alama kwenye kisanduku." Jamani! Anayeweza kujibu swali hilo anatafuta nini kwenye darasa hilo?

Nikachukua kalamu nimjazie, yule dada wa mapokezi akanizuia, eti hapo ndipo wanapima uwezo wake. Sawa. Mama mdogo akachora kiduara kizuri ndani ya kila kisanduku, vyote, hakuacha hata kimoja. Wakampanga kundi la kati.

Wiki ya pili nikafungua daftari lake. Mwalimu alikuwa ameandika sentensi ubaoni, wao wanakili. Maneno yote kayaunganisha kuwa mkia mmoja mrefu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa nafasi kati ya neno na neno ina kazi yake. Mwisho wa mstari kulikuwa na doa la ajabu, nikamuuliza hii herufi gani? Akasema hata yeye hajui, ila ilikuwepo ubaoni. Ni uchafu ambao dasta haikuufuta, naye kaunakili kwa uaminifu wote! Na pembeni mwalimu kaweka vema kubwa jekundu. Halafu mama mdogo akaniuliza, "Mwanangu, hapa nimeandika nini?"

Simlaumu sana yule mwalimu. Lugha yake anaijua, lakini kumfundisha mtu mzima kusoma kwa mara ya kwanza ni ufundi mwingine kabisa na ni wazi hakupewa. Kumbukeni sisi tulivyoimbishwa ba be bi bo bu. Tulikuwa tunasoma lugha ambayo tayari tunaisikia na kuielewa, tena Kiswahili ambacho kinaandikwa karibu vilevile kinavyotamkwa. Huyu anaambiwa atenganishe sauti za lugha ambayo bado masikio yake hayajaizoea, wakati huohuo ajifunze maana ya maneno, wakati huohuo ajifunze kushika kalamu. Mizigo mitatu kichwani kwa mpigo, halafu tunashangaa akiiangusha. Kazi ya kugundua kwamba alama hii ni sauti ile mtu huifanya mara moja tu maishani, akishaielewa kwa lugha moja anahama nayo kwenda nyingine. Nilimwomba mratibu wamwanzishe kwa Kiswahili hata miezi miwili, mimi mwenyewe nitakuja kusaidia bure. Jibu: "Hapa tunafundisha lugha ya hapa."

Na huo mchanganyiko darasani ni kichekesho. Kuna mzee anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, mwandiko wake ukiuona utatamani kuuwekea fremu. Kwenye rejista kaandikwa hajui kusoma! Mtu ambaye kasoma maisha yake yote, anachohitaji ni kuzoea herufi mpya tu, kawekwa dawati moja na asiyewahi kushika penseli. Mzee anasinzia, mama mdogo anazama.

Nikilalamika naambiwa "vigezo ni vya kimataifa". Vipi? Ngazi hizi za kupima ujuzi wa lugha, kuanzia A1 ya chini kabisa mpaka C2 ya juu kabisa, zilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, zikimchukulia mwanafunzi kama mtu anayejua kusoma tayari. Baraza hilohilo likaliona pengo, na mwaka 2022 likatoa mwongozo mahsusi kwa wahamiaji watu wazima wanaojifunza kusoma na lugha mpya kwa pamoja, wenye hatua ndogondogo za kumfikisha mtu A1. Ujerumani kozi ya kawaida ya wahamiaji ina vipindi 600 vya lugha, ya wanaoanza na herufi ina 900. Uholanzi, kwa sheria iliyoanza Januari 2022, kuna njia ya wanaojifunza kwa shida ambayo haiishii kwenye mtihani wa lugha. Sisemi huko ni peponi. Ila mama mdogo kapewa saa zilezile anazopewa mtu mwenye shahada.

Kazi za nyumbani nazo ziko kwenye programu ya simu. Fungua kwa barua pepe, weka nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Herufi kubwa ndiyo ipi, wakati hata ndogo hajaijua? Kazi zote nilimfanyia mimi, sifichi, na alama zangu zilikuwa nzuri.

Mtihani akafeli. Kusikiliza na kuongea alipita. Ikaja barua, nikamsomea: mwanafunzi "hakuonyesha juhudi za kutosha". Huyu mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda kufanya usafi, anatoka kazini anaingia darasani. Mahudhurio yake yamo kwenye barua hiyohiyo: alikosa siku mbili, zote mgonjwa. Akaniambia nirudie tena hapo kwenye juhudi, nikarudia. Akanyamaza, akaendelea kukunja nguo.

Sasa sikieni hili. Anaruhusiwa kukata rufaa ndani ya siku 14. Rufaa iwe kwa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe, aeleze sababu. Kuandikiwa na ndugu hairuhusiwi.

Zimebaki siku tisa. Kuna yeyote humu aliyewahi kukubaliwa rufaa ya mdomo, au ya kurekodi sauti? Ulimwona nani, ukasema nini? Wale wa "si ajifunze tu kusoma", tafadhali pitieni uzi mwingine.