Milango ya nakshi Bagamoyo: ya mashine iuzwe kama ya mkono? Tujadili wadau

Wadau habarini. Ubishi wa milango umerudi tena huku Bagamoyo, upande mmoja wanasema leza na CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) zipigwe marufuku kwenye nakshi maana zinaua ufundi wa wazee, wengine wanasema mteja anataka bei na haraka so soko liamue. Mi naona wote wanakwepa swali lenyewe: kwanini mlango wa mashine unauzwa kama kazi ya mkono, tena kwa bei ya kazi ya mkono?

Kwanza tusichanganye mashine. Leza inachoma, haichongi. Ile ya CO2 (inayotumia gesi ya kaboni dioksaidi) inatoa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, mbao na plastiki ya akriliki zinaunyonya vizuri, plaiwudi nyembamba inakatika safi ila ukingo unabaki mweusi. Vibao vya majina, fremu, taa, hapo sina ubishi nayo kabisa. (Vijana mnaokatia ndani, PVC (plastiki kama ya mabomba) msiiweke kwenye leza, moshi wake una klorini, unaumiza mapafu na unakula mashine.) Ila ubao mnene wa mninga ukitaka ua lenye kina kwa leza utapata mkaa. Milango inachongwa na CNC, yani biti (kisu chake) inayozunguka na kufuata njia iliyoandikwa kwenye kompyuta.

Na kuijua si kazi. Angalia kona za ndani za ua, pale majani mawili yanapokutana. Biti inazunguka, so mara nyingi kona inabaki na kamviringo, wakati patasi ya fundi inaingia mpaka mwisho na kuacha kona kali. Halafu mulika tochi ya simu kwa ubavuni, kama msasa haukupita vizuri utaona vimistari vilivyopangana sawasawa, na ua la kushoto na la kulia ni pacha mtupu.

Mnaotaka marufuku, mbona msumeno wa umeme na randa ya umeme hamjavilalamikia? Na huyo kijana wa CNC bado lazima aijue mbao, nyuzi zinaelekea wapi, mvule umekauka au bado, la sivyo biti inararua tu na ubao ndo umeshaliwa.

Mnaosema soko liamue, litaamuaje wakati mnunuzi hajui anachonunua? Na linaloniuma zaidi ni michoro jamani. Mtu anashusha faili intaneti, ua halijulikani limetoka wapi, anapiga, anaandika "mlango wa asili wa Bagamoyo". Najua nakshi zetu zina mkono wa Mhindi na Mwarabu tangu zamani, lakini wale mafundi walikaa hapa pwani, wakachanganya na ya hapa, ndo tukapata mfaa (ule mti wa wima katikati ya mlango) wenye nakshi yake na nakshi ya minyororo pembeni ya fremu. Mashine hizi hizi zingeweza kuokoa nakshi hizo: pigeni picha milango ya Mji Mkongwe kabla haijaliwa na mchwa, zichorwe faili, TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) si ipo hapa hapa, zitunzwe huko na kila fundi azipate.

Ninachotaka mimi ni risiti iandikwe "mashine", "mkono" au "mashine, umaliziaji kwa mkono", na bei zitofautiane. Wenye CNC karibuni mseme, mkiandika hivyo mnapoteza nini?