Uliwahi kufika vijiji vya Weusi waliopewa ardhi ya "bure" Marekani? Tupeane uzoefu

Dereva_wa_I70 (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha lori. Nimepita Kansas miaka mingi nikidhani hakuna cha kuona zaidi ya ngano na maghala yake. Safari moja nikasubirishwa mzigo pale Hays, nikaazima gari la jamaa nikaenda Nicodemus. Kijiji hicho kilianzishwa 1877 na watu Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wamezaliwa utumwani. Wakazi waliobaki ni wa kuhesabu, ila majengo matano ya zamani yako chini ya hifadhi za taifa tangu 1996: makanisa mawili, shule, ukumbi wa mikutano na iliyokuwa hoteli ya St. Francis.

Kilichonishika ni habari ya Willianna Hickman. Alikuja 1878 na kundi lililoshuka treni mji wa Ellis. Surua ikawavamia palepale, wakazika watoto, kisha wakakata nyika siku mbili. Wenzake wakapaza sauti: Nicodemus ile pale! Akakodoa macho, haoni mji. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini, maana watu walikuwa wanaishi kwenye mahandaki. Mama wa watu akaanza kulia. Nami nilisimama huko huko na upepo wa Kansas, ambao hauna adabu kabisa, nikamwelewa.

Mliofika sehemu kama hizi leteni yenu. Za kukopi mtandaoni hatutaki.

Mkongomani_Greeley
Bandugu, jambo. Miye niko Greeley, Colorado, natumika kiwanda cha nyama. Tukienda kuona ndugu Fort Morgan tunapita barabara ya 34, na kuna nyumba za mbao zinaanguka kando ya njia. Nilifikiri ni shamba la mzungu alilikimbia. Mkubwa wetu wa zamu, Mmarekani Mweusi, ndiye alinifumbua macho: pale ni Dearfield. Ilianzishwa 1910 na mzee Oliver Toussaint Jackson, aliyekuwa tarishi wa magavana wa Colorado. Baridi ya kwanza walikuwa familia saba, na mbili tu ndizo zilikuwa na nyumba ya mbao. Wengine mahema na mashimo. Lakini walilima kwa mvua tu, mahindi, maharagwe, matikiti, mpaka watu wakawa mamia. Baada ya Vita vya Kwanza bei ya mazao ikaanguka, halafu miaka ya 1930 ukame na vumbi vikamaliza kazi. Jackson mwenyewe alikufa 1948.

Siku moja nilisimamisha gari nikashuka. Miye nimekulia hemani, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Hema la mtu wa Dearfield lilikuwa juu ya ardhi yenye jina lake. Hiyo tofauti si ndogo.

mchokoa_hoja
Samahani kuwavuruga. Hiyo ardhi ya bure ilikuwa ya nani? Sheria ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa atakayekaa miaka mitano, ajenge na kulima, na ada zote hazikuzidi sana dola 18. Serikali iliitoa wapi kama si kwa kuwafukuza wenyewe?

Dereva_wa_I70
Hoja yako ina mashiko, sibishi. Na ongeza hili: baridi ya kwanza, njaa ilipowabana Nicodemus, Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanatoka kuwinda ndio waliowagawia nyama. Waliopokonywa ndio waliowalisha.

mama_wawili_Omaha
Mimi nilikutana na yangu kwa bahati. Tulikuwa tunatoka North Platte kwenda Valentine na watoto, barabara ya 83, tukaona kibao cha kumbukumbu ya DeWitty. Huko Nebraska ni vilima vya mchanga na nyasi tu, ndiyo maana sheria ya 1904 iliruhusu ekari 640. 160 hazingetosha kulisha ng'ombe. Weusi walifika 1907, baadhi yao kutoka Canada, ambako wazee wao walikuwa wamekimbilia kuepa utumwa. Mti wa kujengea haupo, kwa hiyo walikata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake wakayapanga kama matofali. Kijana wangu akauliza mbona shuleni hawajafundishwa hayo. Nikamwambia apande gari, giza linaingia.

lori_mwenzio
Mkuu, mbona Nicodemus haikukua?

Dereva_wa_I70
Reli. Wanakijiji walipitisha hati fungani za dola 16,000 kuivuta kampuni ya Missouri Pacific, nayo haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wenye maduka wakahamia huko, kwenye mji wa Bogue. Waliobaki ni wenye mashamba, na ukaidi.

Wajukuu na vitukuu hurudi kila mwisho wa Julai kufanya sherehe. Nimeshaomba likizo. Anayetokea Wichita aniandikie, nafasi mbili zipo. Malazi ni Hill City au Hays, maana hiyo St. Francis haipokei wageni tena.