Propela imegonga kisiki Mtera, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo upande wa Iringa, navua bwawa la Mtera kwa boti ya mashine ya nguvu ya farasi 15. Mnaolijua bwawa lile mnavijua vile visiki vya miti iliyozama. Maji yakipungua vinajificha kidogo tu chini ya uso, huvioni. Jumatatu alfajiri nimegonga kimoja. Panga moja la propela limekunjika, la pili limemeguka ncha, kipande kama kucha ya kidole gumba.

Nikiwasha, mashine inatetemeka mpaka ubao wa nyuma unalia. Nikiongeza mafuta inanguruma lakini boti haikazi mwendo; nahisi ule mpira wa ndani ya propela umeachia. Kinachoninyima usingizi zaidi ni oili ya gia: nimelegeza skrubu ya chini, imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Naogopa shafti, kile chuma kinachozungusha propela, imepinda ikaharibu sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia.

Fundi mmoja anataka kunyoosha propela kwa nyundo na kuchomelea alumini. Mwingine anasema ninunue mpya. Aliyewahi kuchomelea, ilidumu? Na shafti naikaguaje nikiwa nyumbani? Vijana wanne wanakula kupitia boti hii, nisaidieni ndugu zangu.