Bondi ya kijani Lamu: ya maji au ya mikoko?

Juzi barazani kijana mmoja alikuwa akisema Lamu nayo ikope kwa bondi ya kijani, ipande upya mikoko iliyokatwa. Bondi hii ni mkopo kutoka kwa umma: anayekopa anaahidi kuwa pesa zitaingia kwenye kazi ya kufaa mazingira, kisha anazirudisha pamoja na faida. Mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, mikoko italipa deni kwa pesa gani?" Kijana akanyamaza. Nami nauleta mjadala hapa, na langu naliweka wazi mapema: bondi naitaka, lakini ya maji.

Watazameni jirani zetu wa Tanga. Mwaka 2024 mamlaka yao ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani (ndivyo waitavyo bondi) ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 za Tanzania, ya miaka 10, kwa faida ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mlipaji anajulikana: kila anayefungua mfereji analipa bili. Mkoko hauna bili. Na wenzetu wa Gazi, kule Kwale, wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko yao inaihifadhi isichafue anga, pesa zinaingia kwenye maji na shule za kijiji, wala hawakukopa bondi.

Najua kuna atakayenitajia Shelisheli, iliyouza bondi ya buluu ya dola milioni 15 mwaka 2018 kwa ajili ya bahari na uvuvi. Lakini ile ni nchi, na Benki ya Dunia iliidhamini kwa sehemu. Kaunti yetu, kwa ibara ya 212 ya Katiba, haikopi mpaka serikali kuu iidhamini na bunge la kaunti liidhinishe.

Maji yenyewe si kazi nyepesi. Mji wa Lamu unategemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Bondi ya kununua pampu kubwa tu itavuta maji ya bahari visimani na kutuletea maji ya chumvi, na hapo hakuna ukijani wowote. Mimi ningetaka pesa zilinde vile vilima visijengwe, na zitengeneze majabia ya kukinga mvua visiwani.

Halafu kuna riba, ambayo Uislamu umeiharamisha, na kwetu hilo si la kupitwa kimya. Watu wazima wenye akiba zao hawatanunua, hata ukiiita kijani mara mia. Basi iwe sukuk: mnunuzi anamiliki sehemu ya mali na kulipwa kodi ya kuikodisha. Indonesia iliuza sukuk ya kijani mwaka 2018, na hapa Kenya sukuk ya Linzi ya mwaka 2023 ilikuwa ya kujenga nyumba. Tangi na mabomba yanaweza kukodishwa hivyo. Msitu wa mikoko ni wa umma. Nani atamkodisha nani?

Mnaotaka ya mikoko, anzeni na swali la yule mzee.