Picha za mtaani: kuomba ruhusa kwanza, au kupiga kisha kuzungumza?

Mleta mada:

Wadau, naomba tulijadili hili, maana nyumbani limeshatugawa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimejibanza kwenye kituo cha basi, mvua imeshuka ghafla. Mama mmoja akamvua mwanawe viatu, akavisunda ndani ya koti lake visilowe. Mtoto akabaki miguu mitupu kwenye dimbwi, anacheka. Nikainua kamera, nikapiga. Mama akaniona. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hiyo unaipeleka wapi?" Nikamsogelea, nikamwonyesha, nikamweleza kwamba napiga maisha ya mtaani kwa mapenzi yangu, siuzi, na asipotaka naifuta. Akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Ni nzuri. Ifute." Nikaifuta mbele ya macho yake.

Rafiki yangu ninayepiga naye picha anasema nilikosea kufuta: mahali pa wazi ni pa wote, na nafasi ile hairudi. Dada yangu anasema nilikosea kupiga: mtoto si wangu, na mama hakuulizwa. Mimi nasema sikukosea kupiga, wala sikukosea kufuta. Ukimwomba mtu ruhusa kabla, viatu vinarudi miguuni na kicheko kinageuka tabasamu la studio. Lakini ukishapiga umechukua kitu cha mtu, na deni linaanza papo hapo. Ninachokipinga kwa moyo wote ni kujificha: lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara, kujifanya unapiga jengo, simu uliyoielekeza kwa mtu huku unajitia kusoma ujumbe. Anayejificha anajua kwamba angeuliza angekataliwa.

Nipingeni.

Mpiga picha wa miaka mingi:

Nakupinga, ndugu. Huo msimamo wako ungetunyima sehemu kubwa ya urithi wa fani hii. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifunika sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica kwa utepe mweusi ili isivute macho. Mmarekani Walker Evans, naye mpiga picha, kati ya 1938 na 1941 alipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa na kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, waya wa kufyatulia ukipita kwenye mkono wa koti hadi kiganjani. Abiria wale wamezama kwenye mawazo yao, hakuna uso uliojipanga. Angewaomba ruhusa angepata nini?

Na Vivian Maier, yaya wa Chicago, aliacha picha zaidi ya 100,000, nyingi kwa Rolleiflex, kamera unayoitazama kwa juu ikiwa usawa wa tumbo, kwa hiyo humkodolei mtu macho. Simu za watu zimejaa picha za kujipiga wakiwa wamejipamba. Wajukuu zetu watajuaje tulivyokuwa tukisubiri basi?

Mleta mada:

Mfano wa Evans hukuumalizia. Picha zile hakuzitoa kwa kitabu mpaka 1966. Miaka 25! Abiria alikuwa ameshashuka, ameshazeeka, pengine ameshasahau koti alilovaa siku ile. Leo picha inapigwa na baada ya dakika moja iko mikononi mwa watu ambao mpigwa atakutana nao kesho kazini.

Aliyewahi kupigwa:

Mimi sipigi picha, kaka zangu. Mimi ndiye niliyepigwa.

Nilikuwa nimelala ndani ya treni asubuhi. Usiku kucha nilikuwa namuuguza baba yangu hospitalini. Kinywa wazi, kitambaa kimeteleza, mkoba nimeukumbatia. Miezi kadhaa baadaye binamu yangu akanitumia picha: "Huyu si wewe?" Chini imeandikwa maneno mawili, "Uchovu wa jiji". Watu wameisifu sana. Mwanga mzuri, wanasema. Hisia, wanasema. Baba alikuwa ameshafariki wakati huo, na mimi nilikuwa nikiitazama asubuhi ya mwisho kumwona akizungumza, imegeuzwa mfano wa uchovu wa watu nisiowajua.

Sijui aliyepiga ni nani. Labda ni mtu mwema. Ila mleta mada, wewe unasema deni linaanza baada ya kupiga. Mimi nilikuwa usingizini. Deni langu ningelidai kwa nani?

Msomaji wa sheria:

Pole sana, dada, kwa msiba na kwa hayo yaliyokukuta.

Niweke la sheria, maana wengi hudhani jibu ni moja. Nchini Marekani, mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alifunga taa juu ya njia ya watembea kwa miguu Times Square, New York, kati ya 1999 na 2001, akawapiga wapita njia kwa mbali bila wao kujua. Mzee mmoja, ambaye dini yake inakataza sanamu, alikuja kugundua kwamba uso wake umeonyeshwa na kuuzwa. Akashtaki. Mwaka 2006 mahakama ikasema picha zile ni sanaa, kesi ikaanguka. Nenda Quebec, Kanada: msichana wa miaka 17 alipigwa akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo, picha ikatoka kwenye jarida, wenzake wakamcheka. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikamwachia fidia yake ya dola 2,000, ingawa hapakuwa na jambo lolote la aibu kwenye picha. Hungaria, tangu 2014, sheria yake ya madai inataka ridhaa hata kwa kupiga kwenyewe, isipokuwa umati na watu wa shughuli za umma. Na Ujerumani, Mahakama ya Katiba mwaka 2018 ilikubali kwamba picha za mtaani ni sanaa, lakini ikaacha isimame hukumu dhidi ya mpiga picha aliyemweka mwanamke mmoja kwa ukubwa pembeni mwa barabara yenye watu wengi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa. Kupiga ni jambo moja, kumbandika mtu mbele ya wapita njia ni jambo jingine. Mabishano mengi yanatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Mpiga picha wa miaka mingi:

Dada, na mimi nakupa pole. Picha yako ningeipiga. Nasema kweli kwa sababu umesema kweli. Nisingeitoa.

Mchangiaji mwingine:

Mnazungumza kama kwamba ruhusa ikishatolewa mambo yamekwisha. Mwaka 1936 mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimkaribia mama mmoja kwenye kambi ya wachuma mbogamboga California, akampiga kwa uwazi kabisa, kamera kubwa mbele yake, watoto wamemwegemea. Kwa maelezo yake mwenyewe Lange, hakumuuliza jina wala historia yake. Picha ikawa maarufu dunia nzima. Jina la mama likajulikana mwaka 1978, na alikuwa na uchungu: hakupata hata senti. Pale hapakuwa na aliyejificha. Mtu mwenye njaa akikubali, amekubali nini? Ndiyo maana mimi siwapigi kabisa wanaolala nje, wala wanaoomba, hata wakiniruhusu.

Mleta mada:

Hoja yako nzito, ila siikubali yote. Tukiwaondoa maskini kwenye picha zetu zote, mtaa utaonekana una watu walioshiba tu, na huo ni uongo. Ninachofanya ni kukaa nao. Napiga kwa lenzi ya milimita 35, ambayo inanilazimu kusogea mpaka anisikie pumzi. Sipigi nikiwa nimepita, nasimama. Nikishapiga siondoi macho haraka kama mtu aliyeshikwa. Namtazama, natikisa kichwa, akiuliza najibu. Akinyanyua kiganja kabla sijapiga, kamera inashuka, na simfuati hatua tatu mbele kumvizia tena. Nina kadi zenye anwani yangu, na anayetaka nakala namletea iliyochapishwa. Mzee mmoja nilimpelekea baada ya wiki tatu, akaitia kwenye Biblia yake bila kusema neno.

Lakini swali la dada limenishinda, na sitajidai kuwa na jibu lake. Kanuni yangu yote imejengwa juu ya mtu aliye macho, anayeweza kusema "ifute". Aliyelala hawezi. Mtoto mdogo hawezi. Aliyezidiwa na kilio hawezi. Nilikuwa nikiwahesabu pamoja na wengine.

Aliyewahi kupigwa:

Na wale uliokwisha kuwapiga?

Mleta mada:

Jana usiku, baada ya kusoma uliyoandika, nilifungua hifadhi yangu yote. Waliolala ni 14. Wengine nawakumbuka hata harufu ya behewa. Mmoja ni mwanamke aliyeegemea dirisha, na nilisimama kwenye picha ile kwa muda nikijiuliza alikuwa ametoka wapi. Nimeziondoa zote mahali nilipokuwa nimezionyesha. Kuzifuta kabisa bado sijafuta.

Mpiga picha wa miaka mingi:

Usizifute. Zifungie miaka 25.

Aliyewahi kupigwa:

Mimi ningeomba azifute.