Kinyozi wa mbwa kumchoma mbwa mzee sindano ya kumtuliza: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Naleta hili hapa maana nimelibeba wiki nzima na nyumbani wananiona nimechanganyikiwa kisa mbwa.

Nina Maltese wa miaka 13 anaitwa Simba (ndio najua, ana kilo nne na anaitwa Simba, mtoto ndo alimpa jina). Jicho moja lina mtoto wa jicho, masikio yameshachoka, akilala muda mrefu miguu ya nyuma inakaza mpaka atembeetembee kidogo ndo inalainika. Wiki mbili zilizopita nikampeleka saluni moja ya mbwa hapa Dar, jina silitaji, maana manyoya ya kwapani yalishajisokota. Nikaambiwa muache tutakupigia. Kurudi namkuta kalegea kama kitambaa, ulimi nje, hanitambui. Nauliza kulikoni, wananijibu "alikuwa mkorofi tukamchoma kidogo dawa ya kutulia". Nani kachoma? Kijana anayeosha. Dawa gani? Hajui, kichupa kiko kwenye friji pale na soda. Simba kakaa hivyo mpaka saa nne usiku, mwili wa baridi, wife kamfunika kitenge tukamkesha. Alizinduka, ila tangu siku ile akiona taulo tu anajikojolea.

Hoja yangu: kinyozi wa mbwa asiguse sindano wala kidonge, hiyo kazi ya daktari wa mifugo. Na mbwa mdogo akishapita miaka 10, au mkubwa kama jemani shepadi akipita 7 hivi, asipokelewe bila barua ya daktari kwamba moyo na mapafu viko sawa. Sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008, ya veterinari tangu 2003, lakini hizi saluni nani anazikagua? Tujadili bila matusi.

Msema Kweli

Nchi hii kuna watu wanatembea kilomita kumi kufuata dispensari, nyie mnataka mbwa awe na barua ya moyo. Haya endeleeni.

Mleta mada

Mkuu nimekusikia ila huyo wa kilomita kumi hatafika haraka zaidi eti kwa sababu Simba kachomwa sindano na muosha mbwa. Pita salama.

Kinyozi wa Mbezi

Mimi hiyo kazi naifanya mwaka wa sita sasa, naomba nisikilizwe. Kuchoma sindano, kosa kabisa, huyo kijana katuharibia wote. Lakini barua sikubali. Mteja akiambiwa kalete barua haendi kwa daktari, anaenda kwa yule wa bei rahisi asiyeuliza chochote, au anamnyoa mwenyewe na mkasi wa jikoni. Nishapokea mbwa kakatwa ngozi na mkasi wa jikoni, na mwenye mbwa kaniambia eti ni kupe.

Halafu tuseme ukweli, wateja mnatuficha. Unaleta mbwa anakohoa usiku, anatumia vidonge vya moyo, unaniambia "yuko fiti tu ila muoga", unaniachia unaenda Kariakoo. Mimi namweka mezani, nawasha klipa, nawasha drayeri, kelele, joto la Dar unalijua, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Mbwa mzee akianza kuhema kwa nguvu huku ananing'inia kwenye kamba ya shingo pale mezani, hapo ndo unaanza kusali. Nikimwona hivyo naacha, hata kama kanyolewa upande mmoja. Mteja akija anagomba, "mbona hujamaliza, hela silipi". Nani anataka kazi ya hivyo? Ndo maana kijana anatafuta mkato wa sindano, simtetei lakini naelewa ilikotoka.

Dada wa Tanga

Mie sio saluni, ni dawa ya kuogeshea. Tulikuwa na mbwa wa marehemu baba, mzee kabisa, kupe wamemjaa masikioni, jirani mwenye ng'ombe akatupa ile dawa ya josho yenye amitrazi, tukakadiria kwa macho tukamwogesha mwili mzima. Mbwa akalala siku mbili, hali, ukimwita anafungua jicho moja. Tulidhani anakufa kwa uzee. Kumbe dawa.

Daktari wa mifugo, Moro

Dada wa Tanga, umesema kitu muhimu kuliko hata saluni. Amitrazi inashusha mapigo ya moyo, inapandisha sukari, inalegeza mwili. Mbwa kijana anaweza kuivumilia ikichanganywa kwa kipimo, mzee mwenye moyo dhaifu au kisukari ndo anakwenda nayo. Kipimo cha josho ni cha ng'ombe, kukadiria kwa macho kwa mbwa wa kilo nane ni kamari. Mbwa akilegea baada ya kuogeshwa msisubiri, muosheni kwa maji mengi na sabuni na mumpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Kwa mleta mada. Siwezi kujua Simba alichomwa nini, ila huenda ni asepromazini, dawa ya kutuliza wanyama. Inashusha presha na joto la mwili, ndo hiyo baridi uliyoishika. Na ubaya wake mwingine, inalegeza mwili lakini woga haiondoi. Yaani mbwa anasikia kila kitu na anaogopa vilevile, ila hawezi kukimbia wala kung'ata. Sishangai anakojoa akiona taulo. Sisi mbwa muoga sana tunampa kidonge nyumbani masaa kadhaa kabla, gabapentini au trazodoni, baada ya kumpima, na figo zikiwa mbovu kipimo kinapunguzwa. Hicho kinyozi hawezi kukijua kwa kumwangalia.

Barua lakini hapana, niko na Kinyozi. Nikimpima leo moyo uko sawa, mwezi ujao je? Na huo "ukorofi" mara nyingi ni maumivu. Mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga ukimvuta mguu wa nyuma pembeni ili umnyoe paja, atang'ata, hata mimi ningeng'ata. Aliyepofuka na kuziba masikio ukimshika ghafla kwa nyuma anashtuka. Wapo na wanaopoteza kumbukumbu kama wazee wetu, usiku anazunguka nyumba, mchana analala, mahali pageni panamchanganya kabisa.

Msema Kweli

Daktari hapo kwenye kupoteza kumbukumbu umenigusa. Bibi yangu ndo hivyohivyo. Haya nimekaa, naendelea kusoma.

Mama Chicha

Basi si aachwe tu na manyoya yake jamani, amezeeka, anyolewe ili apendeze kwa nani?

Kinyozi wa Mbezi

Mama Chicha, manyoya yaliyojisokota yanavuta ngozi kila akipiga hatua, na chini yake kuna unyevu, vidonda, wakati mwingine funza kabisa. Kucha nazo, mbwa mzee hatembei sana kwa hiyo hazisagiki, zinakunja mpaka zinaingia kwenye nyama ya wayo. Huyo hanyolewi apendeze.

Mimi wazee siku hizi nawafuata nyumbani, asubuhi saa moja kabla ya jua kuchachamaa. Namnyoa kalala kwenye mkeka anaoujua, mwenye mbwa kakaa kichwani kwake. Kamba ya shingo situmii, hawa wadogo koromeo lao laini, ukivuta anaanza kukohoa kama bata. Drayeri hapana, taulo na upepo. Dakika 20 naondoka, hata kama nimefanya miguu miwili tu, nyingine wiki ijayo. Fizi nikiziona zimebadilika rangi, zimekuwa nyeupe au bluu, nafunga begi tunaita daktari. Natoza elfu tano zaidi kwa ajili ya bodaboda, na wapo wanaolalamika.

Mleta mada

Sawa, kwenye barua mmenishinda, naifuta. Sindano siifuti. Na naongeza: mwenye mbwa akae pale. Saluni inayosema "muache uondoke" kwa mbwa wa miaka 13, mimi siipelekei tena hata bure. Ila kosa langu nalo naliona, sikuwaambia kuhusu miguu ya nyuma, niliona aibu wasije wakakataa.

Kinyozi nimekutumia ujumbe. Kwapa la kushoto bado limejisokota na kucha za nyuma hazijakatwa, siku ile walinyoa mgongo tu. Jumamosi saa moja unaweza? Taulo nitalificha.

Kinyozi wa Mbezi

Naweza. Usimpe chai asubuhi, wateja wangu wengi wanawapa mbwa chai ya maziwa halafu ananiharia mkekani.