Wastaafu wa Vita vya Kagera: ni kifaa gani cha jeshini mnachokikumbuka kwa mapenzi zaidi?

Mkazi wa Ukonga (mwanzisha mada)

Shikamooni wazee wetu mliolitumikia Jeshi, na habari zenu wengine wote. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa miguu, naye alivuka Mto Kagera na wenzake mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kulivunja daraja la Kyaka. Mapigano hakupenda kuyasimulia. Alichopenda kusimulia ni vitu alivyovivaa na kuvibeba, na alipofika hapo uso ulichangamka, akaweza kukueleza habari ya kamba ya buti mpaka chakula kikapoa. Ametuachia mkanda wa turubai, chupa ya maji na mestini (chombo cha askari cha kupikia na kulia) yenye namba aliyoichora mwenyewe. Ninaandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wajukuu, kwa hiyo naomba mnieleze: ni kifaa gani ninyi mlikipenda, na kwa nini? Aidha, je, familia inaruhusiwa kubaki na vitu hivi?

Mstaafu wa Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kwangu mimi ni buti. Watu wanaotazama picha za vita hudhani kwamba tulipelekwa Kampala kwa magari, ilhali sehemu kubwa ya njia ile, kutoka Mutukula hadi Masaka iliyotwaliwa Februari 1979, na kutoka hapo kupita kwenye kinamasi cha Lukaya mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, askari wa miguu tuliipita kwa miguu yetu, tena wakati wa mvua.

Buti likitoka bohari huwa gumu na humchubua mtu kisigino. Ulilipaka mafuta ukalikandakanda usiku, ukalivaa na soksi mbili, na baada ya muda ngozi ilifuata umbo la mguu wako hata mwenzako asiweze kulivaa. Kule Lukaya maji yaliingia kwa juu, basi tukipata kituo jambo la kwanza lilikuwa kuvua, kumwaga maji, kukausha vidole na kubadili soksi. Soksi mbichi hukuianika juani, maana jua lenyewe halikuwapo. Uliikunja ukaiweka tumboni ndani ya shati, na joto la mwili likaikausha wakati unatembea. Aliyepuuza hilo alioza miguu na kuwa mzigo kwa kombania nzima.

Kuhusu namba iliyo kwenye mestini ya mzee, sote tulifanya hivyo kwa ncha ya kisu. Mestini zote zilifanana, na ugomvi wa mestini ulikuwa ugomvi wa kweli: kipande cha chini ulipikia maharage, kifuniko ukanywea chai, na asiyekuwa nayo alisubiri wenzake wamalize kula. Waonyesheni wajukuu namba hiyo kwa karibu, kwa kuwa mkono ulioiandika ni wa baba yenu mwenyewe.

Mtunza Bohari Mstaafu, Gongo la Mboto

Naomba nijibu lile swali la pili, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Sare za Jeshi si mali ya askari wala ya warithi wake, na raia kuvaa au kumiliki sare hizo ni kosa kisheria. Bila shaka mnakumbuka kwamba Agosti 2023 Jeshi liliwapa siku saba wananchi wote waliokuwa na mavazi hayo wayasalimishe kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi na ofisi za serikali za mitaa. Kama kuna gwanda, bereti au kombati popote ndani ya nyumba, lipelekeni bila kuchelewa. Kwa mkanda, chupa na mestini, nendeni kambi iliyo karibu mkaulize kabla ya kuamua lolote. Kama mzee aliacha nishani, hiyo ni jambo tofauti, kwa kuwa alitunukiwa yeye kwa jina lake, nanyi mwitunze.

Mkiruhusiwa kubaki navyo, kumbukeni kwamba hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi ya bahari. Shaba huota kutu ya kijani na turubai huota ukungu. Msivifungie kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu hubaki humo humo. Vifungeni kwa kitambaa cha pamba, mvitoe kivulini mara kwa mara vipate hewa. Nishani msiisugue kwa dawa ya kung'arishia, maana maandishi hufutika.

Binti wa Mafinga

Mimi si mpiganaji, ila nilipita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 1994. Gwanda nililopewa lilinizidi kwa kila upande, nikalipunguza kiunoni kwa sindano ya mkono usiku wa kwanza. Tulilitia wanga wa muhogo na kulipiga pasi ya mkaa hadi mkunjo wa suruali ukasimama wenyewe. Baridi ya Mafinga alfajiri, wakati wa mchakamchaka, ilinifundisha kulipenda vazi lile zito kuliko nguo zote nilizotoka nazo nyumbani.

Mzinga wa Zamani, Kigamboni

Ndugu yangu wa Mbagala namheshimu, lakini kwetu sisi wa mizinga kifaa cha kwanza kilikuwa turubai la mvua. Roketi za BM-21, ambazo Waganda waliziita Saba Saba, zilitakiwa kulindwa na matope kabla ya mtu kujilinda mwenyewe, kwa hiyo turubai lilianza kufunika zana, na wewe ukalipata zamu yake ilipokwisha. Usiku tuliyafunga mawili kwa kamba kati ya miti, tukalala wanne chini yake, na kulipokucha lile lile tulikingia maji ya mvua ya kunywa. Buti likichakaa ulipewa jingine. Turubai langu lilikuwa na kiraka nilichokishona kwa uzi wa gunia, na hata gizani nililitambua kwa kukigusa kiraka hicho. Tuliporudi nililikabidhi bohari pamoja na vifaa vingine, nikamwomba mhusika aniachie. Alikataa, na alikuwa na haki, kwa kuwa kila kilichotolewa kilikuwa kimeandikwa daftarini na lazima kirudi.